Kutoga, kutoboa na maswali tunayokwepa kujibu

Kuna jambo sisi watu wa huku tunalifanya bila hata kujishtukia. Mtoto wa kike anazaliwa, hajatimiza hata miezi sita, bibi au shangazi anakuja na sindano na uzi (siku hizi wengi wanapeleka kwa nesi au saluni), na kabla mtoto hajajua jina lake tayari ana matundu mawili masikioni. Analia, ananyonyeshwa, yamekwisha. Hakuna aliyemuuliza na hakuna anayeona ajabu. Miaka kumi na mitano baadaye msichana yule yule anakuja kwa adabu zote na kusema, "Mama, naomba niongeze tundu moja hapa juu." Nyumba inawaka moto. Anaitwa mhuni. Anaulizwa ni nani kamfundisha. Baba anaitwa kutoka sebuleni aje asikie mambo ya mwanawe.

Yaani tulipomtoboa bila ridhaa yake ilikuwa mila, alipokuja kuomba ruhusa ikawa uhuni. Mimi hapo huwa napotea kabisa.

Niseme mapema nilipo ili msomaji usipoteze muda kunitafuta. Mimi sipingi kutoga. Nina matundu mawili kila sikio, na kipini puani nilichotoboa nikiwa chuo, ambacho nakivaa mpaka leo kazini ingawa mhariri wangu wa kwanza alikuwa akikitazama kana kwamba ni chunusi itakayopona. Ninachopinga ni hii tabia yetu ya kuligeuza kila swali la kijana kuwa kesi ya maadili, halafu tunashangaa kwamba hatuulizwi tena. Kijana asipoulizia kwako haina maana ameacha. Ina maana amepata pa kuulizia pengine.

Na hapo pengine ni wapi? Ni simu. Kijana wa kidato cha pili ana video mia moja za watu wanaojitoboa wenyewe bafuni kwa sindano ya kushonea, kipande cha barafu mbele na kipande cha tufaha nyuma ya sikio. Video inaishia pale hereni inapoingia na muziki unapanda. Hakuna video ya siku ya tano, sikio likiwa limevimba na mto una usaha. Kuna hata wale waliojiona wajanja zaidi, wasiotaka tundu lakini wanataka kuonekana nalo, wakatumia vijisumaku viwili vidogo, kimoja juu ya ulimi na kingine chini. Mei 2021 huduma ya afya ya taifa ya England, NHS, ilibidi itoe onyo na kutaka vijisumaku hivyo visiuzwe, kwa sababu watoto walikuwa wanavimeza. Ukimeza viwili, vinaweza kuvutana kutoka pande mbili tofauti za utumbo na kuutoboa. Mtu alikuwa anakwepa kutoboa ulimi, akaishia kutobolewa utumbo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Kabla sijaendelea, kuna hoja moja nataka kuiondoa njiani maana nimeichoka. Ni ile ya "haya mambo yameletwa na Wazungu". Jamani! Lugha yetu wenyewe inatusuta. Kiswahili kina neno lake maalumu la kutoboa masikio, kutoga, na sehemu ya chini ya sikio inayotogwa inaitwa ndewe. Kina majasi, yale mapambo ya mviringo yaliyokuwa yakijaza tundu kubwa la ndewe, na picha za akina mama wa Zanzibar za zaidi ya miaka mia moja iliyopita zinawaonyesha wakiwa nayo, mengine ya karatasi za rangi zilizoviringishwa. Kina vipuli vya kuning'inia. Kina kipini, kishaufu na hazama, vyote vya puani. Watu hawatungi majina mengi kiasi hicho kwa kitu wasichokuwa nacho. Nenda kusini ukaulize ndonya ya mdomoni ya bibi wa Kimakonde. Nenda Monduli ukaangalie masikio ya mzee wa Kimaasai. Kwa hiyo anayetaka kumkataza mwanawe asimkataze kwa jina la mababu, maana mababu wenyewe walikuwa wametobolewa kuliko sisi.

Lakini tofauti ipo, na vijana wangu msifurahi haraka. Mababu walitoboa sehemu zilizojulikana, kwa mkono wa mtu aliyejulikana, na jamii nzima ilijua kidonda kinatunzwaje. Bibi aliyekutoga alikuwa anakuona kila asubuhi. Wewe unatobolewa Kariakoo na mtu ambaye hujui jina lake, kwenye kiti cha plastiki, halafu unarudi nyumbani na kuziba sikio kwa nywele za bandia ili mama asione.

Hapo kwenye kuziba ndipo penye hatari yenyewe. Nitawapa mfano mmoja. Binti wa dada yangu anasoma sekondari hapa hapa Dar. Anaye rafiki, sitamtaja, ambaye mwaka juzi alitobolewa sehemu ya juu ya sikio, kwenye ule ukingo mgumu, katika saluni moja. Nyumbani ilikuwa marufuku, kwa hiyo akawa anavaa mtandio muda wote. Siku ya nne sikio likawa la moto. Siku ya sita likawa jekundu na limesimama kama si lake. Alichofanya ni kuomba ushauri kwa wenzake, nao wakamshauri kama wanafunzi wanavyoshauriana: mmoja akasema apake dawa ya meno, mwingine spiriti, mwingine akamletea vidonge vya rangi mbili vilivyobaki nyumbani kwao tangu kaka yake alipong'olewa jino. Mama yake alikuja kujua baada ya siku kumi na moja, kwa harufu. Walikwenda hospitali, akalazwa, usaha ukatolewa, sikio likapona. Ila halikurudi kama lilivyokuwa. Ukingo wa juu umekunjamana kama jani lililopitiwa na jua. Ana miaka kumi na saba sasa, na mtandio hauvui tena, safari hii kwa sababu nyingine.

Watu waliposikia habari ile walisema, "Umeona? Ndiyo matokeo ya kutosikia. Sikio la kufa halisikii dawa." Mimi naisoma tofauti. Yule binti hakuharibikiwa sikio kwa sababu alitoboa tu. Aliharibikiwa kwa sababu siku saba nzima alikuwa na ugonjwa unaotibika na hakuwa na mtu mzima hata mmoja wa kumwambia. Woga wa mama ulikuwa mkubwa kuliko maumivu ya sikio. Sasa hapo nani hakusikia?

Na kuna jambo ambalo laiti mtu mmoja angemwambia kabla, kwa dakika tano tu, huenda angechagua sehemu nyingine. Sikio si kitu kimoja. Ile ndewe laini ya chini ni nyama na mafuta, ina damu ya kutosha, na kidonda chake kwa kawaida hufunga ndani ya wiki sita hadi nane. Ule ukingo mgumu wa juu ni gegedu, na gegedu haina mishipa yake ya damu. Inalishwa na ngozi nyembamba iliyoifunika. Kwa hiyo kidonda chake kinachukua miezi mingi kupona, hata kufikia mwaka, na bakteria wakiingia pale askari wa mwili wanachelewa kufika. Bakteria wanaopenda sana sehemu ile ni wale wanaoitwa Pseudomonas, na hao hawashtuki kwa antibiotiki nyingi za kawaida ambazo watu wananunua bila cheti. Ndiyo maana vile vidonge vya kaka havikumsaidia. Gegedu ikishakosa chakula inakufa, na ikishakufa sikio linaporomoka. Basi. Hiyo si siri ya madaktari, ni somo la baiolojia ambalo lingefundishwa kwa dakika tano na likakumbukwa maisha yote, tofauti na sehemu za panzi tulizokariri.

Sasa niseme kuhusu bastola. Kuna kile kidude cha plastiki ambacho kinafyatua hereni moja kwa moja ndani ya sikio, tap, na watu wanakiona ni cha kisasa kuliko sindano. Ukweli ni kinyume. Hereni inayofyatuliwa ina ncha butu, kwa hiyo haikati, inapasua kwa nguvu, na ikipigwa kwenye gegedu inaweza kuipondaponda. Halafu kidude chenyewe kwa kuwa ni cha plastiki, vingi havivumilii joto la mashine ya mvuke inayotakasa vifaa vya hospitali. Kinafutwa kwa spiriti tu na kwenda kwa mteja mwingine. Chama cha watoboaji wa kitaalamu chenye makao yake Marekani, Association of Professional Piercers, kimekuwa kikipinga bastola hizo kwa miaka mingi. Sindano yenye uwazi ndani, mpya, iliyofunguliwa mbele ya macho yako na kutupwa baada ya wewe, ni salama zaidi kuliko bastola yoyote inayong'aa. Kwa maneno mengine yule nesi mstaafu wa mtaani kwenu mwenye boksi la sindano anaweza kuwa mtaalamu kuliko saluni yenye kiyoyozi.

Tukija kwenye damu, kizazi chetu kilifundishwa Ukimwi na nyembe. Kila mtu aliyesoma shule ya msingi miaka ile anakumbuka: usichangie wembe, usichangie mswaki. Ilikuwa sawa kabisa. Lakini tulisahau kutaja kwamba kuna kirusi kingine, cha homa ya ini B, ambacho kwa njia ya damu kinaambukiza kwa urahisi kuliko VVU, na kinaweza kubaki hai nje ya mwili, kwenye kifaa kilichokauka damu, kwa siku saba au zaidi. Sindano iliyotumika Jumatatu na kufutwa kwa kitambaa bado ni hatari Ijumaa. Habari njema ni kwamba Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo kijana wa miaka kumi na mitano leo, kama mama yake alikamilisha safari za kliniki, yaelekea ana kinga. Ndiyo maana swali la kwanza la mzazi makini lisiwe "nani kakufundisha", liwe "kadi yako ya kliniki iko wapi?" Waangalie na pepopunda hapo hapo. Kwa homa ya ini C na VVU hakuna chanjo, hapo kinga ni sindano mpya tu.

Jambo jingine ambalo sisi weusi tunapaswa kuambiana bila kuoneana haya ni makovu. Ninyi wote mnamjua mtu mwenye uvimbe mgumu unaong'aa nyuma ya sikio, kama punje ya hindi, wakati mwingine kama ndimu. Hiyo ni keloidi. Ni kovu ambalo halijui kusimama. Linaota kupita mipaka ya kidonda chenyewe, linawapata zaidi watu wa ngozi nyeusi, linatembea katika ukoo, na umri wake mkubwa ni kuanzia utotoni miaka kumi hivi mpaka thelathini. Ukilikata tu bila matibabu mengine mara nyingi linarudi, na linaweza kurudi kubwa zaidi. Kwa hiyo kabla hujatoboa popote nenda kaangalie mabega ya baba yako na kifua cha shangazi yako. Angalia kovu lako mwenyewe la chanjo ya BCG begani. Kama ukoo una keloidi, tafadhali sana, yaache masikio yako yalivyo. Hereni za kubana zipo na nyingine ni nzuri mno.

Hapa kuna utafiti mmoja unaovuruga hoja yangu na sitaki kuuficha. Mwaka 2005 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha uchunguzi mdogo wa watu waliokuwa na keloidi za masikio, na ilionekana kwamba waliotogwa wakiwa na miaka kumi na moja au zaidi ndio walioota zaidi kuliko waliotogwa wakiwa wadogo. Uchunguzi ulihusisha watu wachache, lakini unampa bibi na sindano yake ushindi fulani. Yule aliyetoga kitoto kichanga kumbe alikuwa anakwepa kitu bila kujua. Na ule ushauri rahisi wa "subiri mpaka ukue", ambao hata mimi huwa naupenda, haumalizi kila kitu. Kwa mwenye asili ya keloidi kusubiri si suluhisho, bora asitoboe kabisa. Kwa asiye nayo, kusubiri kunasaidia kwa sababu nyingine: akili inatulia, na mtu anaweza kulipia mahali pazuri na kutunza kidonda bila kujificha.

Binti wa dada alipoanza kunisumbua na yeye ("Mamdogo, wewe unacho, mimi nisiwe nacho kwa nini?") sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimpa kazi. Nilimwambia aniletee majibu ya maswali manne: sehemu hiyo inapona kwa muda gani, utatobolewa na nani kwa kifaa gani, hereni ya madini gani, na shule itakuwaje. Nilitegemea ataachana nayo. Alirudi baada ya wiki mbili na karatasi. Alikuwa ameingia saluni tatu za Sinza na Mwenge na kuuliza, tena kwa kujiamini kuliko mimi. Mbili zilimwonyesha bastola. Moja ilimwambia aache maswali kama hana hela. Mtoto akashangaa kwamba yeye ndiye alikuwa mtu wa kwanza kuwauliza watu wazima wale sindano zao wanazitupa wapi.

Kwenye madini alijifunza jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Zile hereni za rangi ya dhahabu za elfu moja jozi nyingi zina nikeli, na nikeli ni moja ya vitu vinavyosababisha sana mzio wa ngozi. Mbaya zaidi, mzio huo ukishauanzisha hauishi: unaweza kuwashwa na kifungo cha suruali miaka ishirini baadaye. Umoja wa Ulaya ulianza kudhibiti nikeli katika hereni kwa agizo la mwaka 1994. Sisi tunauziwa mafungu barabarani. Kidonda kibichi kinahitaji titaniamu, au dhahabu halisi ya karati 14 na kuendelea, au chuma cha pua kile cha daraja la vifaa vya upasuaji. (Ndiyo, chuma cha pua puani. Kiswahili kilishatania kabla yetu.)

Swali la shule ndilo lililomkwamisha, na nadhani ndilo linalowakwamisha wengi bila wao kujua. Shule nyingi haziruhusu hereni. Mwanafunzi anatoboa siku ya pili ya likizo ya Juni, shule inafunguliwa, mwalimu wa zamu anamvua hereni getini, na kidonda cha wiki nne kinaanza kufunga. Jioni anaisukuma tena kwa nguvu kwa mikono iliyoshika chaki. Kesho inavuliwa tena. Hivyo ndivyo ndewe nyingi zinavyooza muhula wa pili. Ukikaa ukapiga hesabu, kwa mtoto wa sekondari za hapa Tanzania upo mwanya mmoja tu wa maana: baada ya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba hadi kuripoti kidato cha tano katikati ya mwaka unaofuata. Ni zaidi ya nusu mwaka. Ndewe inapona na kusahaulika. Pua nayo mara nyingi inatosha. Kitovu kinataka miezi sita hadi mwaka, na kwa joto letu hili na mikanda ya sketi sikishauri. Binti wa dada ameandika kwenye ile karatasi "Novemba, kidato cha nne", akaibandika nyuma ya mlango wa kabati lake. Mama yake aliikuta akaniuliza kama nimelogwa.

Ulimi naomba tuuweke kando kabisa mpaka mtu awe na umri wake. Ulimi unapona haraka, ndani ya wiki chache, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Tatizo lake liko kwenye meno. Kile kidude cha chuma kinagonga meno kila unapoongea na kula, yanapata nyufa, yanameguka, na fizi za mbele zinarudi nyuma taratibu bila kuuma. Fizi iliyorudi nyuma hairudi mbele yenyewe. Wales wameliona hilo kiasi kwamba tangu Februari 2018 ni kosa kumtoboa ulimi mtu wa chini ya miaka 18, wakauweka kwenye sheria moja na chuchu na sehemu za siri. Wengine wanacheka ulimi kuwekwa kundi hilo. Mimi naona walifikiri.

Na kwa yule ambaye tayari ametoboa na anasoma hapa huku amefunika sikio: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa. Safisha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, yale ya asilimia 0.9 yanayouzwa duka la dawa, mara mbili kwa siku. Acha kuizungusha hereni, nani alituambia tuzungushe sijui, unachana kidonda upya kila siku. Acha spiriti, acha dawa ya meno, acha majivu. Wekundu kidogo na maji meupe siku za kwanza ni kawaida. Uvimbe unaoongezeka badala ya kupungua, joto, usaha wa njano au kijani, homa, hayo si ya kawaida. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiivue hereni mwenyewe kabla ya kuonwa, maana tundu likifunga usaha unabaki ndani. Na kama unaogopa mama, mtafute shangazi, mamdogo, mwalimu wa malezi, yeyote. Kugombezwa kunaisha jioni.

Wavulana nao nisiwasahau, ingawa wao kesi yao ni fupi: wanaogopa kuitwa majina. Kijana wa kiume akitoboa sikio leo kuna baba atamfukuza nyumbani, wakati anaowasikiliza kwenye redio ya gari lake wamevaa vito masikioni kuanzia enzi za brazameni. Matokeo yake wavulana wanatoboana wao kwa wao, mabwenini, sindano moja kwa watu watano, kwa kuthibitisha ujasiri. Ukiniuliza ni kundi gani linanipa wasiwasi zaidi kuhusu homa ya ini, ni hao. Msichana ana angalau desturi ya kumpeleka kwa mtu anayejua. Mvulana ana mwenzake na kiberiti.

Najua mzazi anayesoma anasema, "Kwa hiyo niruhusu?" Hapana, sijasema hivyo. Mzazi ana haki ya kukataa, na mtoto wa chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 bado ni mtoto. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Tunapenda kusoma nusu ya kwanza. Kataa, lakini kataa kwa sababu inayoweza kusemwa kwa sauti. "Ukoo wetu una keloidi, mwangalie baba yako mkubwa" ni sababu. "Una miezi mitatu ya mtihani" ni sababu. "Dini yetu katika nyumba hii hairuhusu" nayo ni sababu, na ya dini nawaachia wenye dini. "Kipini ni cha malaya" si sababu, ni tusi, tena ni tusi kwa bibi yako wa Pangani aliyekufa nacho puani. Na ile "sikio halipiti kichwa" tunayoipenda ina kasoro moja, kwamba sikio linalozungumziwa hapa ni lake kweli kweli, lipo kichwani kwake, na ndiye atakayezeeka nalo.

Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Pediatrics, walitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu vijana na mambo haya ya kuchora na kutoboa mwili. Sikushangaa kwamba hawakuhubiri. Walichowaambia wenzao ni kuzungumza na kijana mapema, kuhakikisha chanjo zimekamilika, na kumfundisha atazame nini anapoingia mahali pa kutobolewa: glavu mpya, vifaa vilivyotakaswa, sindano isiyotumika. Hayo hayahitaji bajeti ya wafadhili. Mwalimu wa baiolojia anaweza kuyasema. Kiongozi wa vijana kanisani au ustadhi mwenye busara anaweza kuyasema. Redio zetu, ambazo zina saa tatu kila jioni za kujadili nani kaachana na nani, zinaweza kuyasema.

Halmashauri nazo zina kazi. Afisa afya akiingia mgahawani anataka kuona kama wapishi wamepimwa, anafunua masufuria, anakagua choo, na akikuta kasoro anaandika faini. Akiingia saluni inayotoga masikio aombe aonyeshwe mambo mawili tu, boksi la sindano mpya na chombo zinapotupwa zilizotumika. Sindano ya hospitali ya kutumika mara moja haifiki bei ya soda. Saluni isiyoweza kuinunua ibaki na kusuka.